Pesa ya Mkate, Pesa ya Safari

3 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Salamu hizi zikukute umeinama juu ya cherehani kama kawaida, mgongo unakuuma kama kawaida, na wifi anakwambia unyooke kama kawaida. Mama hajambo? Macho yake yanasemaje? Wanangu wote wanne wazima? Yule wa mwisho bado anatafuna chaki zako za kuchorea nguo? Mwambie kwamba shangazi yake naye anashika chaki kila siku ya Mungu na bado hajaionja, ingawa kuna siku anakaribia.

Mimi mzima. Kikohozi kimeisha, kimebaki cha asubuhi tu. Ningekupigia simu, lakini simu ya nje hapa inalipiwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni mimi naziona kwenye picha.

Niko bado kwenye kiwanda cha mikate, na kazi yangu ni ile ile iliyokuchekesha: kuandika bei. Mwandiko niliochapiwa fimbo darasa la tatu ndio unaonilisha. Saa moja kasoro asubuhi karani anashuka kutoka ofisini na kikaratasi, ananipa bila kunitazama, nami napanda ngazi fupi mbele ya duka, nafuta bei ya jana, naandika ya leo. Foleni iko chini ya miguu yangu, watu wote wamenyanyua shingo. Aliyepanga bei hawamjui, wanayemjua ni mimi. Wiki iliyopita bibi mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Binti, hiyo tisa yako ni kubwa mno. Hukuweza kuiandika ndogo?"

Noti kubwa ya hapa ina picha ya ndege, basi watu wanaiita ndege. Nilipofika mkate ulikuwa ndege mmoja na chenji unarudishiwa. Mwaka jana ndege wawili. Leo tisa, na chenji ni njiti za kiberiti, unahesabiwa mkononi. Sisi tulifundishwa haba na haba hujaza kibaba. Huku kibaba chenyewe kinapanda bei kabla hakijajaa.

Sasa habari yenyewe. Mkataba wangu uliisha tarehe kumi na tano mwezi uliopita. Nauli ya kurudi wamenipa, neno kwa neno kama mkataba unavyosema, ndani ya bahasha yenye mhuri. Nikavaa gauni lile la bluu, nikaenda kwa wakala wa tiketi. Akatazama noti zangu kama mtu anavyotazama tope kwenye zulia lake. "Dada," akasema, "hizi ni pesa za mkate. Za safari ni fedha za kigeni tu." Nikamwambia anielekeze zinakobadilishwa. Akacheka, si kwa ubaya. Ndege hapa haigeuki kuwa fedha ya nje. Bila tiketi sipewi ruhusa ya kutoka. Bila mkataba sina chumba. Kwa hiyo nimesaini miezi mitatu mingine, naandika bei.

Sasa sikiliza vizuri, maana naujua moyo wako. Usinitumie pesa kwa benki. Chochote kitakachopitia benki kinageuzwa ndege kabla sijakigusa, kwa hesabu yao wenyewe, na kwa wakala hakifai tena. Labda apatikane mtu anayekuja huku, aje na noti zenyewe mfukoni. Kama hayupo, kaa na pesa yako, mimi nitatafuta njia.

Mbusu mama macho yote mawili.

Dada yako

*

16 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wangu, na wifi yako anasema mgongo huo ni wa uzembe. Watoto wanakua, nguo zao hazikui, ndiyo hasara ya kuwa mtoto wa fundi: wateja kwanza.

Barua yako imefika imekatwa. Si kuchanika, dada, imekatwa kwa mkasi, na mkasi mzuri, mkono haukutetemeka. Ningempa kazi mtu huyo. Mpaka kwa wakala na zulia lake nimesoma. Ulipoandika "Sasa sikiliza vizuri, maana naujua moyo wako", hapo linaanza dirisha. Niliinua karatasi nikamwona wifi yako upande wa pili akinitolea macho. Baada ya dirisha kuna "Mbusu mama" na sahihi yako. Sijui ulitaka nisikilize nini, lakini moyo wangu kweli unaujua.

Ninachoelewa ni hiki: unataka kurudi, na kinachokuzuia ni fedha za kigeni. Basi. Hilo ni jambo la kutafutwa.

Sikutaka kukuandikia la mama, lakini amenikalia kichwani, na mama akikukalia kichwani unamjua. Tulimpeleka kwa daktari wa macho. La kulia limekwenda. La kushoto, daktari anasema tukibahatika litafika mwisho wa mwaka, baada ya hapo atabaki na mwanga na giza tu. Njiani nilikuwa natafuta maneno ya kumfariji, yeye akanitangulia: "Mwambieni huyo binti aje nimwone kabla duka halijafungwa." Kisha akaniagiza ndizi.

Kama kawaida yetu, nakutilia kipande cha nguo ninayoshona wiki hii, ujue cherehani ina nini mdomoni. Safari hii ni kaki, sare za shule.

Mdogo wako,
Sindano

*

14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sikungoja jibu, maana barua zako zinatembea kwa magoti. Wote wazima, mama anakusalimu, hata jirani muuza mkaa anakusalimu.

Nilikwenda mjini kuuliza kama naweza kukukatia tiketi hapa nikutumie karatasi tu. Wakasema tiketi ya kutoka huko inakatwa huko huko, hiyo ndiyo sheria ya huko. Nikauliza bei. Waliponitajia nilikaa chini kidogo. Halafu nikasimama.

Dada, nimekutumia. Yote, na cha kula njiani juu yake. Nimepata tenda kubwa ya sare, wamelipa mbele, kwa hiyo usianze kuuliza maswali yako ya mwalimu. Nilikuwa na wasiwasi kutia noti kwenye bahasha, kwa mikasi hiyo ya huko, basi nimepitisha benki, njia halali, mchana kweupe. Karani mwenye miwani alinipa stakabadhi tatu zenye mihuri na kuniambia, "Fedha yako iko salama kuliko wewe." Nimeziweka chini ya godoro la mama.

Wifi yako ameshafua mashuka ya kitanda chako. Mama anahesabu siku kwa sauti, jambo ambalo linatuchosha sote.

Kipande cha kaki hiki hapa. Njoo upesi.

Sindano

*

2 Juni

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba, na marahaba tena, maana barua zako mbili, ya Machi na ya Aprili, zimenifikia siku moja zimefungwa kwa kamba moja. Kwa hiyo nilisoma kwamba utatafuta na kwamba umeshatuma kwa pumzi ile ile. Sikupata nafasi ya kukuzuia. Mama nampa pole, na mwambie dada yake yule wa mtaa wa pili aache kumpaka asali machoni, namjua.

Pesa imefika. Asante. Kabla ya yote ujue kwamba nililia mbele ya karani wa benki, naye alidhani ni furaha, akanipongeza.

Nilikuonya katika ile barua, pale pale walipokata. Niseme tena, labda mwenye mkasi leo yuko likizo. Niliingia benki na mkoba wangu mdogo. Karani akaniuliza, "Hukuja na gunia?" Fedha uliyotuma sikuionyeshwa hata kwa mbali. Walinihesabia ndege elfu tatu, kwa ustaarabu mkubwa, na stakabadhi juu. Nami mjinga nikazibeba mpaka kwa wakala, nikidhani pengine wingi utamtisha. Alinipa kiti na maji ya kunywa. Siku hiyo mkate ulikuwa ndege kumi na nne, niliiandika mwenyewe asubuhi. Nikapiga hesabu nikiwa kwenye kiti chake. Mikate mia mbili na kumi na nne, Sindano. Ndiyo tiketi uliyoninunulia.

Usitume tena. Wala senti.

Jambo jingine. Una vipande viwili vya kaki kwangu, cha Machi na cha Aprili. Nimeviweka pamoja juu ya kitanda, na ukingo wa kimoja unaingia kwenye ukingo wa kingine. Ni kipande kimoja ulichokigawa. Fundi gani anayeshona suruali ile ile mwezi mzima? Wewe miaka miwili hii umenitumia maua, mistari, madoadoa, hata ile satini ya bibi harusi aliyeghairi. Cherehani iko wapi?

Nijibu swali hilo tu.

Dada yako

*

9 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Wote wazima. Mvua imevuja kwa upande wa jiko lakini nimepanda nimeziba. Yule wa mwisho ameacha chaki, sasa anakula vifungo.

Safari hii mkasi umekula zaidi. Nimebakiwa na "Asante", kisha umelia mbele ya karani, kisha dirisha kubwa linalopitisha kichwa cha mtoto, nimejaribu. Kisha "Usitume tena. Wala senti." Kisha maneno yako ya kaki, hayo wameniachia yote. Nashangaa watu hao wanapenda nini.

Cherehani iko kwa fundi wa mashine, gurudumu linasumbua. Kwa sasa napiga mkono, na wateja wanavumilia. Ndilo jibu.

Sasa na mimi niseme. Nimekaa na barua yako wiki nzima. Kama pesa ingetosha, ungekuja wewe, isingekuja barua. Kwa hiyo haikutosha. Bei za huko naona zinapanda kila unapoandika, bila shaka na tiketi nayo imepanda, nawe unaona aibu kusema. Ndivyo ulivyo tangu utotoni, ukipewa nyama ya mwisho unasema umeshiba huku jicho liko kwenye sahani. Safari hii sikusikilizi.

Muuza mbao wa njia panda anaitaka nyumba ya baba. Anataka kiwanja, nyumba ataivunja. Ametoa malipo ya kwanza, yaliyobaki anakamilisha tarehe kumi na tano Oktoba, na siku hiyo hiyo naingia benki. Itatosha tiketi tatu, sembuse moja. Sisi tutahamia stoo ya baba mkwe, ina mlango mzuri. Wifi yako hakulala siku mbili lakini amekubali. Mama ametia dole gumba mwenyewe. Nilimwuliza mara tatu kama ameelewa. Akanijibu, "Nyumba yenyewe siioni vizuri. Bora nimwone mtu."

Usiniandikie kunikataza. Ukinikataza nitajua unaogopa kutusumbua tu, na nitauza upesi zaidi.

Sindano

*

20 Agosti

Sindano, mdogo wangu,

Barua hii naiandika nikijua haitafika posta. Nitaikunja, nitaisoma mara moja, kisha itaingia kwenye tanuri la mikate. Lakini lazima nikwambie mahali fulani, hata kama ni kwenye karatasi inayokwenda motoni, la sivyo nitapasuka.

Umeuza cherehani. Usinidanganye na gurudumu. Cherehani iliyokuoza mke, iliyosomesha watoto, umeiuza, imekuja huku imekuwa mikate mia mbili na kumi na nne, na nusu yake niliila mimi, na nusu nikabadilisha na sabuni na jozi ya viatu kwa sababu mkate huota ukungu siku ya tatu na pesa huota ukungu siku ya pili. Viatu vyenyewe vinanibana. Nikivivaa nahisi nakanyaga mikono yako.

Na sasa nyumba. Leo asubuhi niliandika ndege thelathini. Bado wengine walikuwa wanasoma nikaitwa kushuka, nikabadilisha, thelathini na mbili. Nyumba ya baba, na baraza aliloninyolea nywele mama, na ukuta uliopiga lipu mwenyewe, ikipita benki itakuwa mikate mia tatu. Labda chini ya hapo, maana Oktoba ni mbali. Nanyi mtakuwa stooni, na mama haoni, anapapasa kuta asizozijua.

Kukwambia siwezi. Mwezi uliopita niliitwa ofisi ya juu, ile yenye pazia. Kulikuwa na bwana mmoja mpole sana, meza yake tupu, juu yake vipande viwili vya karatasi, mwandiko wangu. Akaniuliza kama nina malalamiko kuhusu bei. Nikasema sina. Akasema, "Vizuri, maana unaziandika vizuri." Akaniambia barua ya tatu ya namna hiyo haitakatwa, nitakatwa mimi, na sikuuliza sehemu gani. Nimemtafuta mtu anayesafiri, hayupo. Wote tuliokuja kwa mkataba tumo humu humu, tunapishana kwenye ngazi, kila mmoja na bahasha yake ya nauli yenye mhuri. Mpishi wa zamu ya pili ana mwaka wa sita, bahasha yake anaitumia kama alamisho kwenye kitabu chake cha dini.

Kukukataza siwezi, umesema mwenyewe. Nikikataza utaona aibu, nikinyamaza utaona shida, nikilia utauza na mabati. Upendo wako hauna mlango wa kutokea, Sindano, na nakupenda na nimekukasirikia. Kuna neno moja tu litakalokuzuia, na neno hilo nitaliandika sasa hivi kabla mkono haujapoa.

Mwambie mama nilitaka kuja. Mwambie nilitaka kila siku. Huwezi kumwambia, kwa sababu hutasoma hapa. Lakini mwambie.

Dada yako

*

20 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo kabisa, sijawahi kuwa hivi.

Nimepata barua yako ya nyumba na imenishangaza. Nadhani hatukuelewana. Mimi sirudi. Nilitaka kurudi zamani kidogo, kwa upweke tu, lakini nimezoea na sasa naona huku ndiko kwetu. Nina chumba chenye madirisha mawili na bomba ndani. Kazini naheshimiwa, mtaa mzima unanijua. Kusema kweli nikifikiria kulala tena chumba kimoja na magunia ya vitambaa na kelele za watoto, naona sitaweza. Mtu akishakaa mahali pazuri hubadilika, hilo si kosa lake.

Pesa uliyotuma ilinifaa sana. Nimenunua viatu na vitu vya nyumbani. Ungeniuliza kwanza ningekwambia tiketi siihitaji, lakini kwa kuwa ilikwisha kuja sikuona sababu ya kuirudisha.

Nyumba usiuze kwa ajili yangu. Sitaki kesho na keshokutwa niambiwe nimewalaza stooni. Ukiuza, pesa itakuja na mimi bado sitakuja, na lawama itakuwa yako.

Vipande vya nguo pia acha kunitumia, vinajaza droo. Na kwa kuwa tunasemezana ukweli, magauni uliyonishonea yalinibana makwapani yote, hata lile la bluu. Nilikuwa nanyamaza tu.

Mama msalimu. Mweleze taratibu, yeye ni mtu mzima, ataelewa.

Dada yako

*

30 Septemba

Kwako uliyeko huko,

Salamu ni haki ya kila mtu, kwa hiyo nakusalimu. Shikamoo sijaiandika, nimejaribu, kalamu imekataa.

Barua yako imefika nzima. Haikukatwa hata uzi. Katika barua zako zote ndiyo ya kwanza, na wifi yako amesema afadhali wangeitia mkasi hii wakatuachia zile.

Nilikwenda kwa muuza mbao asubuhi yake kumrudishia malipo yake. Alinitukana mbele ya wateja na alikuwa na haki, ameshaagiza mawe ya msingi. Zilipungua kidogo kwa sababu nilishanunua mbao za vitanda vya stooni, baba mkwe akajazia. Basi tupo. Nyumba haikuuzwa. Ungechelewa wiki mbili tu, mama angekuwa analala kwenye mifuko ya saruji kwa ajili ya mtu mwenye madirisha mawili. Kwa hilo nakushukuru, na ndilo pekee.

Cherehani niliiuza. Uliuliza, nikakuficha, sasa hakuna sababu. Nilimwuzia yule fundi wa sokoni mwenye jino la dhahabu, na tangu Mei nashona kwake kibarua, kwenye cherehani yangu mwenyewe, nalipwa kwa kila suruali. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nitanunua nyingine, watoto wakimaliza kula vifungo. Kuhusu makwapa, ungeniambia wakati ule. Kulegeza kwapa ni kazi ya nusu saa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa hapo hapo, mlangoni, na uzi ninao.

Wifi yako anasema ana shaka. Anasema mwandiko ni wako lakini maneno si yako, umeyaazima. Nimemwambia kila mwenye kosa ana wakili, na wako wewe ni yeye. Mimi najua kusoma.

Lililobaki ni mama. Jicho la kushoto limetangulia, halikungoja mwisho wa mwaka. Tangu wiki ya kwanza ya mwezi huu haoni sura, anaona dirisha na anaona taa. Alijua barua imekuja kwa sababu alisikia nikiacha kuongea. Akasema, "Soma." Nikaikunjua, nikasafisha koo, mama yuko mkekani amegeuza sikio. Nikatazama maneno yako ya makwapa na ya magunia ya vitambaa, nikashindwa. Mimi sijawahi kumdanganya mama hata kwa jambo dogo la kuku, unajua, wewe ndiye ulikuwa hodari wa hayo. Lakini siku hiyo nilidanganya, karatasi mkononi, kama ninayeisoma.

Nilimwambia umeandika kwamba unataka kuja, unataka kila siku, ila umefungiwa. Nikasema nchi hiyo haimwachi mtu. Nikasema pesa ikiingia huko haitoki, hata tungeuza nini, na barua unazoandika ukweli zinakatwa. Nilishangaa uongo ulivyonijia wenyewe, mmoja ukivuta mwingine, mpaka wifi yako akanitazama.

Mama aliamini papo hapo. Akalia kidogo, akapangusa uso, kisha akasema, "Nilijua. Mwanangu mimi hawezi kukaa huko kwa hiari." Tangu siku hiyo amepoa, anakula vizuri, anakuombea kila alfajiri kwa jina, na mimi nakaa pembeni yake naitikia amina, naona haya.

Mungu anisamehe uongo huo. Usiandike tena, usije ukauharibu.

Sindano